Hesabu Watoto Kwanza: Tutengeneze Vifuko vya Noeli na Bonane Nyumbani

Katika toleo hili la mwezi wa 12 tunazungumza juu ya vifuko vya kuwekea watoto vitu vitamu siku ya Noeli na siku ya Bonane. Vifuko vyenyewe tunavitengeneza kwa mikono yetu, kwa karatasi na majani tuliyo nayo hapa Dzaleka.

Najua kuna mama atasema, "Mwalimu, sisi tunatafuta unga, wewe unatuletea habari za vifuko?" Ndiyo mama, na ni kwa sababu hiyo hiyo. Kitu kikiwa kingi, kila mtu anajichotea tu. Kikiwa kidogo, namna ya kukigawa inakuwa kazi. Weka sahani moja ya karanga katikati ya watoto 20 uone. Wenye mikono mikubwa watajaza mifuko, wadogo watalia, na yule mtoto wa jirani asiye na mama atasimama mlangoni akiangalia. Sasa chukua karanga zile zile uzitie katika vifuko 20. Kila mtoto ana chake mkononi, anaamua mwenyewe kula leo au kubakiza kesho.

Mwezi huu ni mgumu

Hapa Malawi Noeli inafika katikati ya mvua. Mahindi na karanga za shambani zinavunwa kuanzia mwezi wa 4, kwa hiyo mwezi wa 12 akiba ya watu wengi imekwisha. Karanga zinapanda bei kwa sababu wengine wanazitafuta kwa mbegu. Tena tangu mwaka 2023, ndugu zetu wengi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini walirudishwa kambini. Kambi hii ilipoanza mwaka 1994 haikupangwa kwa watu wengi hivi, na leo tumepita 50,000. Uani kwako palipokuwa na watoto 8 huenda leo wapo 15.

Basi mtu anaingia sokoni, anaona mifuko ya rangi inayong'aa ya kuwekea zawadi, anatamani. Wengine wanauza sehemu ya chakula cha nyumbani ili wanunue. Wengine wanakopa. Halafu mwezi wa kwanza deni linagonga mlango. Tafadhali tusifanye hivyo. Mfuko wa dukani hauliwi.

Na haya mambo si mageni kwetu. Wale waliosoma Kongo au Burundi wanakumbuka Saint Nicolas, tarehe 6 mwezi wa 12, watoto wakipewa bombo shuleni. Wanakumbuka Bonane, watoto wakipita nyumba kwa nyumba kusalimia, na mama mwenye nyumba anawapa walau andazi. Ndugu kutoka Rwanda na Burundi wanajua agaseke, kile kikapu kidogo chenye kifuniko kilichochongoka, kinachopeleka zawadi bila watu kuona ndani. Bibi zetu walifunga chakula kwenye majani. Ujuzi tunao, ni kuukumbusha tu mikono.

Anza na orodha, si na karanga

Chukua daftari. Andika majina ya watoto wote wa uani, nyumba kwa nyumba. Usiandike wako tu. Andika yule anayelelewa na shangazi, yule aliyefika juzi, yule mlemavu asiyetoka ndani, na yule mkorofi anayewapiga wenzake. Ukimaliza, ongeza vifuko 3 visivyo na jina. Siku ya sikukuu lazima atatokea mtoto ambaye hukumfikiria.

Baada ya hapo ndiyo ugawe. Nusu kilo ya karanga zilizokaangwa kwa vifuko 20 inatoa karibu gramu 25 kila kimoja, sawa na vijiko 2 vya chakula vilivyojaa. Kilo 1 ya unga wa ngano inatoa mandazi madogo kama 40, yaani mawili mawili kwa watoto 20. Familia nne zikichanga, mmoja akaleta unga, mwingine karanga, mwingine sukari na mafuta, mwingine kuni, hakuna atakayeumia.

Gundi ya unga

Gundi ya dukani haina haja. Fanya hivi:

1. Koroga vijiko 2 vya unga wa ngano au wa muhogo katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe.
2. Chemsha kikombe 1 cha maji. Yakitokota, mimina ule mchanganyiko polepole huku unakoroga.
3. Ukiwa mzito kama uji wa mtoto na umeanza kung'aa, epua. Tia chumvi kidogo isiharibike upesi.
4. Acha ipoe. Paka nyembamba kwa kidole au kijiti.

Itumie ndani ya siku 2 au 3. Ikinuka uchachu, mwaga. Na kwa mvua hii, acha vifuko vikauke usiku mzima juu ya kamba ndani ya nyumba, mahali pasipovuja. Kifuko kibichi kinaota ukungu.

Karatasi gani?

Karatasi nzuri ni ile ya madaftari yaliyokwisha, karatasi ya kaki, pakiti safi za unga wa ngano, na boksi za biskuti au za sabuni kwa vijisanduku. Lakini kabla ya kukata, soma! Hakikisha hakuna cheti cha kuzaliwa, karatasi ya kliniki, ripoti ya shule wala karatasi yoyote ya ofisi. Kwa mkimbizi karatasi moja inaweza kuwa ndiyo njia yake. Watoto wasiachiwe kuchagua peke yao.

Mfuko wa simenti, wa mbolea au wa dawa ya wadudu usitumike kabisa kwa chakula, hata ukikung'utwa mara kumi. Gazeti na karatasi yenye wino isiguse chakula. Ndani weka kipande cha karatasi nyeupe safi au jani. Boksi la sabuni pia linabaki na harufu, liweke juani siku nzima na litandike ndani.

Aina nne za kutengeneza

1. Koni. Hii kila mtu ameiona kwa wauza karanga. Kata karatasi mraba, sentimita 15 kila upande. Shika kona moja, viringisha kuelekea kona ya pili mpaka upate ncha kali chini. Paka gundi kwenye ukingo, bana mpaka ishike. Kunja ncha ya chini kidogo kwa juu ili karanga zisitoroke. Ukishajaza, kunja mdomo. Mtoto wa miaka 8 anaweza kutengeneza, na ndugu wawili wanamaliza 20 kabla ya jua kuzama.

2. Kifuko cha kusimama. Chukua karatasi ya sentimita 20 kwa 30 na kitabu chembamba kama kalibu. Zungusha karatasi kwenye kitabu, iache ipite chini kwa vidole vitatu. Gundisha pale inapokutana. Chini kunja kama unavyofunga sabuni, pande mbili kwanza, halafu zile nyingine juu yake, gundisha. Ikikauka, vuta kitabu utoe. Toboa matundu mawili juu, pitisha uzi au kamba ya mgomba. Hiki ni cha mandazi na biskuti.

3. Kijisanduku cha kartoni. Kata kartoni mraba, sentimita 14 kila upande. Chora mstari sentimita 4 kutoka kila ukingo, katikati utabaki na mraba wa sentimita 6. Kwenye kila kona kata mstari mmoja tu mpaka pale mistari inapokutana. Inua kuta nne, vile vipande vya kona vipitishe ndani, gundisha. Usikande gundi nyingi, kartoni italegea. Kinafaa kashata, na baadaye mtoto anawekea penseli.

4. Jani la mgomba. Kama kwenu kuna mgomba, hii haina gharama. Futa jani kwa kitambaa safi chenye maji, lipitishe haraka juu ya makaa mpaka ling'ae na kulainika. Bila moto litapasuka. Weka andazi au kiazi kitamu kilichopikwa, kunja, funga kwa uzi wa ganda kavu la mgomba. Hii ni ya siku ile ile, haingoji kesho.

Na mafundi cherehani wetu wana vipande vidogo vya vitenge wanavyotupa. Waombeni kwa heshima, wengi watawapa bure. Fua, anika, kata duara, weka bombo katikati, kusanya kingo na ufunge. Inapendeza kwa mama mzazi, kwa wazee, au kwa ubatizo.

Rangi na jina

Kwa rangi, saga mkaa laini uchanganye na gundi, unapata weusi. Udongo mwekundu uliochekechwa unatoa kahawia. Kata kiazi katikati, chonga nyota au ua, chovya, gonga kwenye karatasi. Hizi rangi ni za nje tu, wala si kwenye jani.

Halafu andika jina la mtoto. Hapa naomba msikilize. Mtoto wetu jina lake liko kwenye karatasi ya familia, liko kwenye orodha ya chakula, liko kliniki. Linaitwa kwenye foleni. Mara ngapi ameliona limeandikwa kwa rangi na nyota, kwa sababu tu kuna mtu alimfikiria? Darasani nina watoto wanaojifunza kuandika, na neno la kwanza wanalotaka kujua ni jina lao. Liandike vizuri, muulize mwenyewe au mlezi wake linaandikwaje. Vile vifuko 3 visivyo na jina, weka kalamu karibu, uandike pale pale mtoto anapofika. Usimwambie, "Hiki kilibaki."

Tuangalie usalama

- Mtoto chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima wala bombo ngumu. Zinaweza kumkaba koo. Kifuko chake tia andazi laini au ndizi.
- Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu, tupa. Kukaanga hakuondoi sumu yote ya ukungu. Usiseme, "Ni za watoto tu."
- Uliza wazazi kama kuna mtoto anayevimba au kubanwa pumzi akila karanga.
- Usifunge kwa pini za stepla wala sindano. Zinaanguka kwenye chakula.
- Sashe za plastiki tuziache. Mtoto mdogo anaweza kuivaa kichwani akakosa hewa, na mvua ikija zinaziba mitaro, maji yanaingia nyumbani.
- Chandarua kisikatwe kwa mapambo, hata kikionekana kizuri namna gani. Sasa hivi ni wakati wa mbu.
- Jaza vifuko siku ya mwisho, mikono ikiwa imenawiwa kwa sabuni. Viweke juu, mbali na panya na mchwa.

Wagawane kazi

Msimwachie mama mmoja. Vijana wakusanye kartoni wiki ya kwanza. Wiki ya pili kukata na kugundisha, jioni baada ya masomo ya nyumbani. Wiki ya tatu rangi na majina. Tarehe 24 kukaanga na kujaza. Baba naye akae chini akate kartoni, kisu chake kina nguvu zaidi ya makasi ya shule. Wazee wanaojua kusuka wawafundishe wajukuu kamba ya mgomba. Bibi mmoja akikaa na watoto watano na kamba mkononi, hadithi za nyumbani zinatoka zenyewe.

Ndugu zetu Waislamu, vifuko hivi ni vyenu pia siku ya Idi. Vinafaa harusi, ubatizo, na tarehe 16 mwezi wa 6, Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo imeadhimishwa tangu mwaka 1991 kukumbuka wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976. Ukitunza kalibu yako na vipimo, kazi ya pili inakuwa nusu.

Siku yenyewe, gawa kwa kuita majina, wadogo kwanza. Mpeleke mtu mzima ndani kwa yule mtoto asiyeweza kutoka, na wenzake wawili wamsindikize wakae naye kidogo. Watoto wakishapokea, waache wacheze. Utasikia wanahesabu karanga zao, mmoja ana 31, mwingine ana 29, watabishana kidogo halafu watapeana. Hapo usiingilie.

Kama kwenu mnajua namna nyingine ya kutengeneza kifuko, leteni mfano mmoja shuleni tuuweke kwenye toleo la mwezi wa kwanza. Waliokosa makasi waje jioni darasani kwetu, tunayo mawili, tunaazimana kwa zamu.

Noeli njema, na Bonane yenye amani kwa kila nyumba.