Lehemu isiyo na risasi ilivyomtwika mzigo fundi wa simu

KATIKA soko la Kamukuywa, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kuelekea Kitale, simu ya mkononi si pambo. Ndiyo hupokea malipo ya mahindi, ndiyo hutuma karo. Inapozimika, mwenyewe humkimbilia fundi mwenye chuma cha kulehemu na waya wa lehemu.

Hata hivyo, fundi aliyejifunzia kazi kwenye redio za zamani hukumbana na kitendawili anapofungua simu ya kisasa. Hugusa kiungo kwa chuma kilekile alichokizoea, na kiungo hicho hukataa kuyeyuka.

Kosa si la chuma. Simu hiyo iliungwa kwa lehemu isiyo na risasi, na asiyezifahamu tabia zake huishia kuunguza bodi, mteja akakosa simu naye akakosa ujira.

Sababu ya kuiondoa risasi

Risasi inayozungumziwa hapa ni metali laini na nzito, ile itumiwayo pia katika betri za magari. Kwa miaka mingi lehemu bora ya vifaa vya elektroniki ilikuwa mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 183 za Selsiasi, hutambaa vyema juu ya shaba na kuganda mara moja huku iking'aa.

Ubaya wake ni sumu. Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi kwa kuwa hudhuru ubongo unaokua.

Wakenya waliyaona madhara hayo katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua makao ya wakazi. Mnamo Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Uamuzi huo ulibatilishwa na Mahakama ya Rufaa, kisha ukarejeshwa na Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2024.

Risasi iliyomo ndani ya kifaa kimoja ni kidogo. Tishio ni mamilioni ya vifaa vinavyoishia jalalani. Ndiyo maana Muungano wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka wa 2002, likaanza kutekelezwa Julai 1, 2006, la kuzuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki. Viwanda vinavyouzia dunia nzima vilibadilika, na mabadiliko hayo yakafika hadi meza ya fundi wa Kamukuywa.

Joto, macho na ncha

Lehemu mpya iliyoenea zaidi ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5. Huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Nyongeza hiyo ya zaidi ya nyuzi 30 yaweza kuonekana ndogo, lakini plastiki na gundi iliyoshikilia njia za shaba kwenye bodi hazikuongezewa ustahimilivu kwa kiasi hicho. Fundi asiye na kipimo cha joto hukosea pande zote mbili: akiharakisha, lehemu haishiki, akikawia, njia ya shaba hubanduka.

Pili, macho humdanganya. Zamani kiungo kilichofifia kilikuwa dalili ya kazi mbovu. Lehemu mpya hufifia hata kazi ikiwa nzuri. Anayeirudia kuichoma ili ing'ae huharibu kilichokuwa sawa.

Tatu, bati jingi hula upesi ncha ya chuma cha kulehemu, na fedha iliyomo hupandisha bei ya waya. Si ajabu mafundi wengi kuirudia lehemu ya risasi.

Ipo pia lehemu ya bati na bismathi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 138 pekee. Hii huokoa bodi, ila ni rahisi kuvunjika simu inapoanguka. Ikichanganyika na mabaki ya risasi, sehemu ya mchanganyiko huo yaweza kuyeyuka chini ya nyuzi 100. Kwa hivyo mabaki ya zamani sharti yafyonzwe kwanza kwa utepe wa shaba.

Aidha, bati lisilo na risasi huweza kuota nywele nyembamba za metali zinazounganisha njia zisizopasa kuungana. Setilaiti ya Galaxy IV ilipopotea mwaka wa 1998, mamilioni ya Wamarekani waliokuwa na vifaa vya kupokea ujumbe walikatiwa huduma, na nywele hizo ndizo zilizolaumiwa. Kwa sababu hiyo vyombo vya anga na vya kijeshi havikulazimishwa kuacha risasi.

Hatari mezani

Wengi hudhani sumu ya risasi imo katika moshi. Kwa joto la kulehemu, risasi haigeuki mvuke kwa kiasi cha kutisha. Moshi ule hutoka kwenye utomvu unaosaidia lehemu kushika, nao huweza kuleta pumu, hata lehemu ikiwa haina risasi. Risasi yenyewe hupita mikononi: fundi hushika waya, kisha hula bila kunawa, au hurudi nyumbani na vumbi kwenye nguo na kumpakata mtoto.

Basi kinga ni ya gharama ndogo: kunawa kwa sabuni kabla ya kula, kupangusa meza kwa kitambaa kibichi badala ya kuifagia, kufungua dirisha, na kutowaachia watoto vipande vya lehemu wachezee.

Kuhusu mabaki, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inawataka watengenezaji na waagizaji wawajibikie bidhaa zao hata baada ya kuchakaa. Wajibu huo utakuwa na maana siku bodi zilizokufa zitakapokusanywa kutoka vibanda vya Kamukuywa, badala ya kuchomwa nyuma ya soko.