Mazoezi Hutuliza Mikono Wakati wa Dharura

Mtu mzima anapoanguka ghafla na kuacha kupumua, wengi walio karibu hupigwa na butwaa. Moyo hudunda, mikono hutetemeka, mawazo hutawanyika. Wakati huo mtu hufanya alilolizoea, si alilolisikia mara moja.

Ndiyo maana wanaojifunza huduma ya kwanza hurudia hatua zile zile: kuvuta pumzi na kutulia, kumteua mtu mmoja apige simu 999 au 112, kisha kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike.

Wakazi wanaweza kujizoeza nyumbani kwa kutumia mto mgumu, kamwe si kifua cha mtu anayepumua. Aliyejizoeza huanza kuokoa maisha kabla ambulensi haijafika.