Koni Hufa Kwanza

Gurudumu la baiskeli likianza kupwaya, mwenyewe humwambia fundi, "Nikazie tu kidogo, nina safari." Fundi huchukua spana, anakaza nati, gurudumu linatulia, na baiskeli inarudi barabarani. Habu nyingi, yaani vitovu vya magurudumu, huuawa na ule mkazo wa dakika mbili. Gurudumu halipwayi kwa sababu nati imelegea tu. Mara nyingi chuma cha ndani kimekwisha kulika na kuacha nafasi, na ukikaza juu ya chuma kilicholika unakisaga zaidi.

Ninaandika hasa kwa wale wanaoishi kwa baiskeli kati ya Kilosa na Mikumi. Treni ya umeme ya SGR inapita Kilosa tangu 2024, na malori ya barabara kuu ya Zambia yanapita Mikumi usiku na mchana, lakini gunia la mahindi kutoka shambani Zombo au Masanze bado linafika barabarani juu ya keria. Gunia la kilo 100 likikaa pale nyuma, karibu uzito wake wote unashukia habu moja, kwenye gololi chache ndogo.

Phoenix ya China, Avon na Hero za India, Raleigh za zamani, hata Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam enzi za viwanda vya umma, zote zina mpangilio mmoja. Katikati kuna ekseli, ambayo haizunguki. Kila upande wa ekseli kuna koni iliyoingizwa kwa hesi. Kwenye habu yenyewe, kila upande, kuna kikombe cha chuma, na gololi hukaa kati ya kikombe na koni. Gurudumu linapozunguka, kikombe kinakwenda nalo, koni imetulia.

Hapo ndipo penye siri ya uchakavu wote. Kwa kuwa kikombe kinazunguka, kila sehemu yake hupokea mzigo kwa zamu. Koni haina zamu. Uzito wa mpanda baiskeli na gunia lake unashuka kupitia ekseli na kuangukia upande uleule wa chini wa koni, kila siku, kila kilomita. Tena kikombe kina mbonyeo unaoikumbatia gololi, ilhali koni imebinuka kuielekea, kwa hiyo gololi inaigusa koni kwenye eneo dogo zaidi na msukumo unakuwa mkali zaidi. Ndiyo maana ukifungua habu iliyochoka utakuta vikombe bado vinang'aa, huku koni ina vishimo upande mmoja tu.

Vishimo hivyo havianzi kwa kutu peke yake. Koni nyingi ni za chuma kilichokaushwa kwa moto sehemu ya juu tu ili kiwe kigumu, na ndani ni laini zaidi. Tabaka lile gumu likishamegeka mahali padogo kama kichwa cha sindano, gololi inapita juu ya ukingo wa shimo na kuumega zaidi. Vipande vilivyomegeka vinabaki ndani ya grisi na kufanya kazi ya msasa. Kuanzia hapo habu inajila yenyewe, na kadiri unavyoikaza ndivyo inavyojila haraka.

Kupima koni hakuhitaji chombo cha gharama. Ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe kwa kitambaa, kisha chukua kalamu ya bolpeni na upitishe ncha yake taratibu kwenye njia ya gololi, ukiizungusha koni mzunguko mzima. Njia nzima ikiteleza kama kioo, koni ni nzima hata kama ina rangi iliyofifia. Ncha ikikwaruza au ikishtuka mahali, hicho ni kishimo, na koni hiyo imekwisha. Jicho hudanganywa na mng'ao wa grisi, lakini mkono ulioshika kalamu haudanganyiki. Fanya hivyohivyo ndani ya kikombe.

Gololi zenyewe msizionee huruma. Zibadilishwe zote kila habu inapofunguliwa kwa sababu ya uchakavu, wala zisichanganywe mpya na kuukuu. Mwaka 1883, katika mji wa Schweinfurt nchini Ujerumani, Friedrich Fischer alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma ziwe duara kamili na za ukubwa mmoja, na baiskeli ilinufaika mapema na kazi hiyo. Faida yake yote iko kwenye ule ukubwa mmoja. Gololi mpya ikiwekwa kati ya zilizolika, hata ikizizidi kwa sehemu ndogo sana ya milimita, ndiyo itakayobeba mzigo peke yake, nayo itaichimba koni mpya kabla msimu haujaisha.

Kwa kawaida habu ya mbele hutumia gololi 10 kila upande, za kipimo cha 3/16 ya inchi. Ya nyuma hutumia 9 kila upande, za robo inchi. Hesabu zilizotoka kabla ya kuingiza nyingine, lakini usiziamini moja kwa moja, kwani aliyeifungua kabla yako huenda alipoteza moja vumbini. Panga gololi kwenye grisi ndani ya kikombe. Zikae karibu karibu na ibaki nafasi kidogo. Ukilazimisha moja ya ziada, zitasukumana na kusuguana badala ya kuviringika.

Kuhusu grisi, wakazi wa Mikumi wana bahati. Gereji za malori pale njiani zina grisi ya kawaida ya beringi za magurudumu, na hiyo inaifaa baiskeli kabisa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini haifai. Ni nyepesi, inavuja hadi kwenye spoku na rimu, na inakuja na chembe za chuma na masizi yake yenyewe. Kuidondoshea habu oili chafu kila wiki ni kuilisha uchafu kwa mpangilio.

Nchi yenyewe nayo ina mchango wake. Kiangazi ni vumbi, laini kiasi cha kupenya chini ya kifuniko cha habu. Masika, udongo mweusi wa mbuga ya Mkata unanata kwenye kila kitu kinachozunguka, na vijito vinavyoingia Mto Mkondoa vinavukwa kwa kuisukuma baiskeli ndani ya maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyong'oa reli na kuingia ndani ya nyumba za watu Kilosa, yalionyesha jinsi maji ya mto huo yanavyobeba mchanga mwingi. Habu iliyozama, hata mara moja, imeingiza maji hayo. Grisi iliyochanganyika na maji hubadilika rangi, inakuwa nyeupe kama uji, na haikingi tena chuma. Habu ya namna hiyo isisubiri ipwaye. Ifunguliwe wiki hiyohiyo.

Kazi inayotofautisha fundi na fundi ni kuweka kiasi cha mkazo. Habu ikilegea, gololi zinagonga. Ikibana, zinasaga. Ifunge mpaka mpwayo uishe, kisha shikilia koni kwa spana nyembamba huku ukikaza lokinati, ile nati ya nje inayoifunga koni, kwa spana nyingine, maana lokinati huisogeza koni kidogo inapokaza. Baada ya hapo inua gurudumu la mbele, lishike valvu ikiwa upande, usawa wa ekseli, kisha uliachie. Kwenye habu iliyowekwa sawasawa, uzito mdogo wa valvu unatosha kulivuta gurudumu taratibu hadi valvu ifike chini, na gurudumu litayumba huku na huku kabla ya kutulia. Likikwama njiani, umebana mno.

Koni ya kurekebisha ikae upande wa kushoto. Baiskeli inapokwenda mbele, gurudumu likitazamwa kutoka kushoto linazunguka kinyume cha saa. Koni ya kushoto ikinaswa na gololi itaburutwa kuelekea kufunguka, na mpanda baiskeli atasikia mpwayo tu. Ingekuwa kulia, ingeburutwa kuelekea kukaza, na gurudumu lingeweza kujifunga mtu akiwa mteremkoni. Nimeona magurudumu mengi ya mbele yaliyorudishwa kinyume baada ya kuziba pancha, na hili ni jambo ambalo kila mwenye baiskeli anaweza kulikagua mwenyewe leo.

Kwa nyuma, kagua ekseli pia. Friwili inaisukuma koni ya kulia mbali na ncha ya ekseli, na mzigo mzito huipinda ekseli mahali hapo. Iviringishe juu ya kioo cha dirisha. Ikinesa, imepinda, na koni mpya juu ya ekseli iliyopinda ni fedha iliyotupwa.

Haya yote yanakilinda kikombe. Gololi ni rahisi, koni si ghali, lakini kikombe kikichimbika na habu ikabidi ibadilishwe, spoku zote zinafunguliwa, 32 mbele na 40 nyuma kwa baiskeli hizi za kazi, na rimu inyooshwe upya. Hata hivyo, kwenye habu nyingi za zamani za chuma kikombe kimeshindiliwa tu, nacho hutoka kikigongwa kwa uangalifu kutoka upande wa pili kwa kipande cha nondo, zamu kwa zamu kuzunguka ukingo. Kwa hiyo habu iliyopasuka ya Phoenix au Avon isiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla fundi hajaipitishia ncha ya kalamu ndani. Huenda kikombe chake cha kushoto ndicho anachokitafuta jirani.