Saa 156 za nyumbani: nafsi na mwili wa mgonjwa anayesafishwa damu

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Jumla yake ni saa 12, ilhali wiki ina saa 168. Katika saa 156 zinazobaki hayuko mbele ya muuguzi wala daktari, na yale anayoyatenda humo huamua afya yake kwa kiasi ambacho mashine haiwezi kukifidia.

Tumchukue mkazi wa Chanika anayetibiwa Muhimbili. Akipangiwa zamu ya asubuhi, huondoka kungali giza, akapita Pugu, Gongo la Mboto na Ukonga kwa daladala, akaingia Barabara ya Nyerere pamoja na foleni zake. Hurudi njia ileile akiwa hana nguvu, pengine misuli ya miguu ikimkaza. Kesho kutwa safari huanza upya. Hata bima ikimlipia matibabu, nauli ni yake na siku ya kazi iliyopotea ni yake. Mtu huyu akikosa awamu moja, sisi wahudumu huwa wepesi kumwita mkaidi. Mara nyingi amechoka tu.

Neno la faraja linalosikika zaidi katika vyumba vya kusafishia damu ni "vumilia". Kwa maoni yangu linatosha kwa maumivu ya sindano, basi. Uthabiti wa nafsi ni uwezo wa kujipanga upya baada ya pigo, na haumo ndani ya mgonjwa peke yake: unategemea nani anamsindikiza, nani anampikia, na kama yupo anayemuuliza hali akasubiri jibu la kweli.

Uthabiti huo ukivunjika, mwili huonyesha. Aliyekata tamaa hunywa maji bila kipimo, huacha vidonge vya shinikizo la damu, au huomba atolewe kwenye mashine kabla ya saa nne kutimia. Maji yanayozidi huvimbisha miguu, huingia mapafuni na kuuelemea moyo. Mashine ikilazimika kuyatoa mengi kwa mara moja, shinikizo la damu hushuka ghafla, mgonjwa hutapika, misuli hukaza, naye huzidi kuichukia mashine. Awamu inayofuata huwa rahisi zaidi kuikwepa.

Mwaka 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa Marekani ulioonyesha kuwa vifo na kulazwa hospitalini huongezeka siku inayofuata pengo refu la wiki, lile la siku mbili bila mashine. Kwa wenye zamu za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, pengo hilo ni Jumamosi na Jumapili, ndizo siku za harusi na hitima. Pilau la shughuli lina chumvi, chumvi huleta kiu, na kumkatalia maji mtu aliyekwisha kula chumvi ni kumtesa bure. Afadhali chumvi ipunguzwe tangu jikoni. Madafu, ndizi na parachichi vina potasiamu nyingi, ambayo ikizidi katika damu huweza kusimamisha moyo. Viazi na magimbi hupunguziwa potasiamu kwa kumenywa, kukatwa vipande vidogo na kuchemshwa katika maji mengi yatakayomwagwa. Lakini nani ameelezwa haya? Kliniki humweleza mgonjwa, ambaye huenda hajagusa sufuria maisha yake yote. Aitwe mke, binti au shemeji anayepika.

Sonona kwa wagonjwa hawa hupita bila kuonekana kwa sababu uchovu, usingizi wa kukatika na kupoteza hamu ya chakula ni dalili za figo pia. Maswali mawili yanatosha kuanzia. Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Yaulizwe wakati wa kupima uzito, jirani wa kiti asisikie. Anayekubali achunguzwe zaidi. Na anayesema ni heri afe, au anataka kuacha mashine, asiruhusiwe kuondoka siku hiyo kabla ya kuzungumza na daktari.

Tiba ipo. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, baadhi ya wagonjwa wenye sonona walipewa tiba ya mazungumzo wakiwa kwenye mashine, wengine dawa ya setralini. Dawa ilitangulia kidogo kupunguza dalili, ila ilileta madhara zaidi. Ninachokipenda katika utafiti huo ni kile kiti: saa nne za kukaa ziligeuzwa kuwa nafasi ya kuzungumza, bila nauli ya ziada.

Nawe ndugu unayesafishwa damu, uliza uzito wako unapaswa kuwa kilo ngapi baada ya mashine, uuandike. Uliza pia kama unafaa kupandikizwa figo. Muhimbili ilianza huduma hiyo Novemba 2017. Ukiona nauli ya wiki ijayo haitapatikana, mwambie muuguzi au ofisa ustawi wa jamii leo, ili zamu yako ipangwe upya kabla hujaikosa.