Kivinjari ni cha bure, lakini nani analipa?

Bidhaa isiyo na bei haidumu sokoni. Muuzaji huigawa ili avute wateja, na baada ya muda ama bei inapanda au bidhaa inatoweka. Soko la vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti kwenye kompyuta na simu, limekwenda kinyume cha kanuni hiyo kwa zaidi ya robo karne. Mtumiaji halipi hata senti moja. Hata hivyo, mwaka 2021 pekee kampuni ya Google ya Marekani ililipa dola bilioni 26.3 ili mtambo wake wa kutafutia habari uwe chaguo la kwanza kwenye vivinjari na simu za makampuni mengine.

Takwimu hiyo ilitolewa mahakamani mjini Washington mwaka 2023, katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliishitaki Google kwa kuhodhi soko. Inaonyesha kuwa bei ipo, ila analipa mtu mwingine. Mfanyabiashara hulipia tangazo, Google hupokea fedha hizo, na sehemu yake humwendea mwenye kivinjari kilichomleta mtafutaji.

Mambo hayakuanza hivyo. Kampuni ya Netscape, iliyotawala soko katikati ya miaka ya tisini, iliwatoza wateja wa kibiashara. Tarehe 9 Agosti 1995 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa dola 28 kila moja, na soko lilifungwa siku hiyo zikiwa dola 58.25. Mwezi huohuo Microsoft ilitoa Internet Explorer, ambayo baadaye iliambatanishwa na Windows bila malipo. Kushindana na bei ya sifuri si kazi rahisi, na Januari 1998 Netscape nayo ilifuta bei. Kisha, tarehe 31 Machi 1998, ikatoa hadharani msimbo wa programu yake.

Msimbo ni maelekezo yanayoandikwa na wataalamu ili kompyuta ifanye kazi. Kwa kawaida kampuni huuficha kama siri ya biashara. Programu ikiwa huria, yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo huo, kuurekebisha na kuusambaza. Ni sawa na mama lishe anayekupa chakula pamoja na namna ya kukipika. Akifunga banda lake, wewe bado unajua kupika.

Ndivyo ilivyotokea. Netscape ilimezwa na AOL mwaka 1999, lakini msimbo haukuzikwa nayo. Julai 2003 iliundwa taasisi ya Mozilla, ikasaidiwa na AOL kwa dola milioni 2 za kuanzia, na tarehe 9 Novemba 2004 ikatoa kivinjari cha Firefox.

Tatizo ni mishahara. Msimbo ukiwa wazi, wahandisi bado wanahitaji kula. Mwezi Mei 2025 mkuu wa fedha wa Mozilla, Eric Muhlheim, aliiambia mahakama kwamba Firefox huleta takriban asilimia 90 ya mapato ya kampuni, na kwamba takriban asilimia 85 ya fedha hizo hutoka Google. Ikumbukwe kuwa Google ndiyo mwenye Chrome, kivinjari kilichoingia sokoni mwaka 2008 na ambacho sasa kinachukua takriban theluthi mbili ya matumizi duniani. Mlishaji na mshindani ni mtu mmoja.

Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kuwa Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Serikali iliomba malipo hayo yapigwe marufuku na Chrome iuzwe. Mozilla ilijikuta katika hali ngumu: dawa ya kumdhibiti mkubwa ingeweza kumuua mdogo. Tarehe 2 Septemba 2025 jaji alitoa hukumu ya kati. Google ilibaki na Chrome na ikaruhusiwa kuendelea kulipa, lakini ikakatazwa mikataba inayowafungia nje washindani.

Funzo la kwanza ni kwamba uhuria wa msimbo si uhuru wa mapato. Kiini cha Chrome, kiitwacho Chromium, nacho ni huria. Opera ilikihamia mwaka 2013, na Edge ya Microsoft Januari 2020. Rafu sokoni ina majina mengi, lakini injini ni ileile.

Funzo la pili linahusu vifaa janja vya nyumbani, kama taa, kufuli na kamera zinazoendeshwa kwa simu. Hapa mteja hulipa, tena si kidogo. Kifaa cha Revolv, kilichounganisha vifaa hivyo, kiliuzwa dola 299. Kampuni yake ilinunuliwa mwaka 2014 na Nest, iliyokuwa mali ya Google, na tarehe 15 Mei 2016 huduma ikazimwa. Kwa kuwa kifaa kilitegemea kompyuta za kampuni, wanunuzi walibaki na plastiki.

Mozilla pia ilijaribu soko hilo kwa mradi wa WebThings. Mwaka 2020, ilipopunguza wafanyakazi wapatao 250, iliuachia mradi huo ujitegemee. Tofauti na Revolv, msimbo ulikuwa wazi, hivyo wengine waliuendeleza. Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, hufuata njia hiyohiyo: programu ni huria, hukaa kwenye kompyuta ya mwenye nyumba, na kampuni ya Nabu Casa hupata fedha kwa ada ya hiari ya kuunganisha nyumba kutoka mbali.

Kwa mnunuzi, basi, bei iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi. Kabla hujatoa fedha, uliza mambo matatu. Nani anamlipa mtengenezaji baada ya kuuza? Je, kifaa kitafanya kazi intaneti ikikatika? Na kampuni ikifungwa kesho, kuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukiendeleza? Muuzaji asiye na jibu la swali la tatu anakukodisha kifaa kwa bei ya kununua.