Gramu Mbili za Hewa Ndani ya Buti

Swali limenifikia kutoka Mukuru kwa Njenga, Nairobi, na tangu nilisome limekataa kunitoka kichwani. Kijana mmoja amemtengenezea mjomba wake sanduku la besi la faiba ndani ya buti la Toyota Premio. Amelifinyanga kwa mkono, likafuata mkunjo wa ubavu wa gari hadi juu ya gurudumu, likakauka vizuri, halivuji popote. Kisha fundi wa jirani akamshauri alitoboe ili besi ipate njia. Akatoboa tundu lenye upana wa sentimita 10. Sasa besi imekuwa kubwa kuliko mwanzo, lakini imeharibika. Haingurumi, anasema, inabweka. Na anauliza: kwani besi haitoki kwenye spika? Tundu ni la nini?

Sitaeleza sumaku na koili, wala jinsi umeme unavyoisukuma koni ya spika. Hayo yamo katika kitabu chochote cha fizikia cha sekondari. Hata faiba yenyewe nitaipita upesi, kwa kuwa kijana huyu anaijua kuliko mimi. Ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, ufundi uleule wa bampa na mapambo ya matatu. Unabandika tepu ya karatasi ndani ya buti ili rezini isishike chuma, unalaza mkeka wa nyuzi, unapaka rezini iliyochanganywa na hadena, unagandamiza kwa brashi mpaka viputo vya hewa vitoke, unaongeza tabaka la pili na la tatu. Uso wa mbele huanza na pete ya ubao wa MDF ya kubebea spika, pamoja na fulana kuukuu iliyovutwa juu yake mithili ya ngozi ya ngoma, kisha ikanyweshwa rezini. Faida kubwa iko kwenye mkunjo. Ubao bapa hupepea besi inapoupiga, na kila unapopepea unakula nguvu bure. Ganda lililopinda, kama la kibuyu au la yai, hukaza hata likiwa jembamba. Basi, faiba imetosha. Twende kwenye tundu.

Koni ya spika inapoenda mbele, hewa ya mbele inabanwa, na papo hapo hewa ya nyuma inalegezwa. Kwa hiyo spika hutoa sauti mbili, zinazofanana kwa kila hali ila moja ni kinyume cha nyingine. Sauti ya besi ina wimbi refu: kwa mitetemo 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, wimbi moja ni mita 8 na zaidi, karibu mara tatu ya urefu wa chumba cha futi kumi kwa kumi. Wimbi refu namna hiyo huizunguka spika bila taabu, hivyo la mbele na la nyuma hukutana na kufutana. Ndiyo maana spika iliyoshikwa mkononi bila sanduku hulia kama redio ya betri zilizokwisha. Sanduku lililozibwa humaliza ugomvi kwa kulifungia ndani wimbi la nyuma. Lakini huo ni uharibifu! Nusu ya kazi ya spika inakufa gizani.

Mwaka 1930 Albert Thuras, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, aliomba hataza ya wazo jingine, naye akaipata mwaka 1932. Alitaka wimbi la nyuma litolewe nje, ila baada ya kugeuzwa ili liende sambamba na la mbele badala ya kulipinga. Kifaa cha kuligeuza kilikuwa tundu lenye shingo. Na siri ya tundu lenye shingo ilikuwa imekwisha kuelezwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz katika kitabu chake cha 1863 kuhusu sauti na muziki. Helmholtz alikuwa na vyombo vya mviringo vyenye mdomo mfupi upande mmoja na chuchu upande wa pili. Alipachika chuchu sikioni, akaiziba kwa nta, na kila chombo kikamsikilizisha noti moja tu, kikiziacha nyingine zote zipite.

Msomaji wa Mukuru hahitaji vyombo hivyo. Aende penye bomba la maji, pale mitungi ya lita 20 inapopanga foleni, na afumbe macho. Mtungi ukiwa mtupu, maji huingia kwa sauti nene. Kadiri unavyojaa, hewa inazidi kupungua na sauti inapanda, mpaka mwenye bomba anajua wakati wa kufunga bila kutazama. Chupa ya soda ni hivyohivyo: puliza juu ya mdomo wake, kunywa robo, puliza tena. Kitu gani hasa kinacheza ndani ya chupa hiyo? Chupa yenyewe imetulia tuli. Kinachocheza ni kile kipande cha hewa kilichokaa shingoni.

Ili kukiona, panda matatu ya jioni. Ndani abiria wamesongamana hadi hakuna pa kuweka kiwiko. Nje, kituoni, kuna umati unaotaka kupanda, nao unasukuma kwa nguvu ileile muda wote. Katikati, mlangoni, yuko konda, na mlango ameujaza wote kwa mwili wake. Umati ukimsukuma ndani hatua moja, abiria wanabanwa zaidi. Wakibanwa, wanamsukuma nje. Sasa konda ana uzito wake, na mwenye uzito akishaanza kwenda hasimami anapotaka. Anapitiliza mlango, anaachia nafasi nyuma yake, abiria wanapumua, msukumo wao unapungua, na umati wa nje unamrudisha. Anapitiliza tena, safari hii kwa ndani. Ndani, nje, ndani, nje. Hakuna aliyekusudia acheze, lakini anacheza, na mwendo wake haupangwi na mtu yeyote. Unapangwa na uzito wake na ukaidi wa waliobanwa.

Mbadilishe sasa. Mweke konda mnene, na mwendo unakuwa wa polepole: hiyo ni shingo ndefu, yenye hewa nyingi ya kusogeza. Mweke konda yuleyule kwenye basi kubwa, ambako hatua yake moja inagawanywa kwa abiria mia na kila mmoja anabanwa kidogo tu: msukumo unalegea, na mwendo unakuwa wa polepole pia. Hilo ni sanduku kubwa. Panua mlango, na mambo yanageuka: hewa ya kusogeza imeongezeka, lakini waliobanwa wanasukuma kwa eneo pana zaidi na ukaidi wao unaongezeka kuliko uzito, hivyo mwendo unaharakishwa. Umati wa kituoni ni hewa ya nje, abiria ni hewa ya ndani ya sanduku, konda ni hewa ya shingoni. Na spika? Spika ni yule abiria wa kiti cha nyuma kabisa anayewasukuma wenzake kwa mapigo. Akisukuma ovyo, konda hutikisika kidogo. Akisukuma kwa mwendo ambao tayari ni wa konda, konda atarushwa nje na ndani kwa nguvu ambayo yule wa nyuma hakuwahi kuiota.

Jambo hili linahitaji jina la Kiswahili, na nimelihangaikia. Nimesikia likiitwa mwangwi, nami silikubali, maana mwangwi ni sauti iliyogonga mlima ikarudi, na hapa hakuna kilichogonga wala kilichorudi. Mvumo nao haufai. Upepo huvuma, nyuki huvuma, bila chombo chochote kuchagua noti. Neno ninalolitaka lazima libebe maana ya kuchagua na kujibu. Katika ngoma zetu mmoja hutoa wimbo na wengine huitikia, na wanachoitikia ni kiitikio. Sanduku nalo linaimbiwa noti zote, na linaitikia moja. Basi napendekeza tuseme hivyo: kila sanduku lenye tundu lina noti yake ya kiitikio. Na shingo ya tundu tuiite koo, kwa sababu ndiko sauti inakotokea.

Tuliimbishe sanduku la lita 50, lenye koo la upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 20. Hewa haijui koo limeishia wapi. Iliyo karibu na midomo yote miwili nayo huburutwa, hivyo koo hujiongezea sentimita 7 hivi ambazo huwezi kuzipima kwa rula. Ukipiga hesabu, noti ya kiitikio inatoka kwenye hezi 41. Uzito wa hewa yote iliyomo kooni, kwa mwinuko wa Nairobi, ni gramu mbili. Gramu mbili! Hizo ndizo zinazoitikisa namba ya gari, zinazoliza mabati ya jirani kwenye misumari yake, zinazogonga kifua cha anayepita.

Hapo nikajiuliza kama sanduku lililotengenezwa Mukuru litaharibika likishuka pwani. Uwanja wa ndege wa JKIA, ulio jirani na Mukuru, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Konda wa Mombasa kwa hiyo ni mzito zaidi. Lakini tazama uzuri wa jambo hili: hewa nzito inatoka kwa kani kubwa zaidi ya angahewa, na kani hiyohiyo ndiyo inayowapa abiria ukaidi. Uzito ukipanda, ukaidi unapanda kwa kiwango kilekile, na viwili hivyo vinamalizana kabisa. Kinachobaki ni joto pekee. Mombasa ikiwa nyuzi 30 na Nairobi 20, noti ya kiitikio inapanda kwa chini ya hezi moja. Premio ya mjomba inaweza kushuka Mombasa ikiimba noti ileile.

Bado kuna jambo moja, ambalo ndilo lililonifanya niipende fizikia ya masanduku. Chukua simu yenye programu ya kutoa noti moja moja, unganisha na redio ya gari, anza hezi 80 kwa sauti ya chini, na ushuke polepole huku ukiitazama koni. Itacheza, itacheza zaidi, kisha mahali fulani itatulia, karibu isimame. Utadhani imekatika. Weka kiganja mbele ya koo na utahisi upepo. Pale hasa ndipo noti ya kiitikio: hewa ya koo inapiga kwa nguvu zake zote, na kani inayojengeka ndani ya sanduku inaishika koni isiende popote. Kazi ya kutoa sauti imehamia kwa gramu mbili za hewa, nayo spika imebaki kuwa mwenye kuanzisha wimbo tu. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia aliandika hesabu ya kumlinganisha kila mwanzishaji na kiitikio chake, na Richard Small akaikamilisha miaka ya 1970. Namba zinazochapishwa leo kwenye karatasi ya kila spika zinaitwa kwa majina yao.

Kabla ya jibu, tahadhari chache. Chini ya noti ya kiitikio, koo huacha kusaidia na koni hucheza ovyo, basi zikate noti hizo kwenye amplifaya. Vaa barakoa ya mvuke unapofanya kazi ya rezini, usichanganye hadena moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti kwa sababu hulipuka, na ukumbuke kanuni za Kenya za kelele za mwaka 2009 zinamhusu pia mwenye Premio.

Sasa jibu la kijana wangu. Nilimwomba apime ujazo wa sanduku, nalo limepinda kila upande, halipimiki kwa rula. Alitoa spika, akaziba tundu, akamimina mahindi makavu kwa mtungi wa lita 20. Mitungi miwili na nusu ikalijaza. Ni lita 50. Tundu lake la sentimita 10 halina paipu. Urefu wa koo ni unene wa faiba tu, milimita sita hivi, pamoja na zile sentimita chache ambazo hewa hujiongezea yenyewe. Konda wake ni mwepesi mno. Noti ya kiitikio inaangukia karibu na hezi 72, juu mno kwa ngurumo, na kila gitaa la besi linapoipita noti hiyo sanduku linairukia. Huko ndiko kubweka.

Fundi wa jirani hakukosea kusema litobolewe, ila alimpa mlango bila koo. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua paipu ya PVC ya inchi nne, ile ya maji machafu. Kata sentimita 25, ipachike tunduni ielekee ndani, na uache nafasi ya kutosha kati ya mdomo wake na ukuta wa nyuma. Usiigandishe bado. Pima kwa simu, tazama koni inatulia wapi. Itakuwa karibu na hezi 38. Ukitaka noti ya juu zaidi, punguza sentimita moja moja, kwa sababu paipu iliyokatwa hairefuki. Ukiridhika, izungushie rezini, kisha uniandikie ni hezi ngapi koni yako ilipotulia.