Tukio Moja, Picha Mara Mbili: Ujiji, Kigoma na Gombe Mbele ya Kamera

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Katika maisha ya kila siku usemi huo ni wa kweli. Neno likishatoka halirudi, na siku ikishapita imepita. Lakini iko kazi moja ambayo maji yaliyomwagika huzolewa, yakarudishwa mtungini na kumwagwa tena, mara tano au mara kumi, mpaka wenye kazi waridhike. Kazi hiyo ni utengenezaji wa filamu.

Wewe uliyeketi mbele ya televisheni pamoja na watoto wako huona tendo moja tu. Mtu anafungua mlango, anaingia, anaketi. Huenda mlango huo ulifunguliwa mara kumi na mbili. Mara ya kwanza mwigizaji alisahau maneno yake, mara ya pili wingu lilifunika jua, mara ya tatu ngurumo ya gari iliingia katika sauti. Kila kipande kinapopigwa, kibao chenye namba huonyeshwa mbele ya kamera, ili mhariri ajue baadaye kwamba hiki ni cha mara ya ngapi. Yuko na mtu ambaye kazi yake ni kuangalia mfuatano: kifungo cha shati kilichokuwa wazi jana kisifungwe leo, na kivuli kilichoelekea mashariki kisielekee magharibi.

Pengine kasoro huonekana baada ya filamu kusafishwa na kuunganishwa. Hapo waigizaji huitwa tena, miezi kadhaa baadaye, wakati ndevu zimekwisha nyolewa na majani yaliyokuwa mabichi yamekauka. Gharama yake ni kubwa, lakini hakuna aliyedhulumiwa, kwa kuwa hadithi yenyewe ni ya kubuni na kila mtu analijua hilo.

Mambo hubadilika pale tukio linaporudiwa lilipokuwa limetendeka kweli. Kamera haikuwapo siku hiyo, na sasa watu wanalitenda upya ili lipigwe picha. Mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma umepata mifano mitatu ya jambo hilo, na kila mmoja unatufundisha namna ya kutazama.

UJIJI, 1871 NA 1939

Mfano wa kwanza unajulikana na kila mtoto wa shule. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Ujiji akamkuta Dk. David Livingstone. Stanley aliandika kwamba siku hiyo ilikuwa tarehe 10 Novemba. Livingstone mwenyewe alikuwa amepoteza hesabu ya siku kwa sababu ya safari na maradhi. Aliyekuja mbio kumlaki mgeni na kumwamkia kwa Kiingereza alikuwa Susi, mmoja wa wale waliokuja kuuchukua mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873.

Mwaka 1939 kampuni ya 20th Century Fox ya Marekani ilitoa filamu ya mkutano huo. Spencer Tracy aliigiza kama Stanley na Cedric Hardwicke kama Livingstone, chini ya mwongozaji Henry King. Kikosi kingine, kikiongozwa na Otto Brower, kilitumwa Afrika Mashariki kupiga picha za misafara, nyika na wanyama. Katika picha hizo walitumiwa watu waliovalishwa mavazi ya waigizaji na kupigwa kwa mbali, nyuso zao zisitambulike. Waigizaji wenyewe walibaki Marekani. Kwa hiyo mtazamaji aliona mguu ukikanyaga Afrika na uso ukizungumza Hollywood, akadhani ni mtu mmoja.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hata kabla ya filamu, tukio hili lilikuwa limekwisha rudiwa. Maneno mashuhuri ya salamu ambayo Stanley alisema aliyatamka mbele ya Livingstone yametiliwa shaka. Mwandishi wa Kiingereza Tim Jeal, katika kitabu chake kuhusu Stanley cha mwaka 2007, alieleza kwamba kurasa za shajara zinazohusu siku ile zilichanwa, na kwamba yaelekea maneno yale yalitungwa baadaye. Kama ni hivyo, Stanley alifanya kwa kalamu kile ambacho mwongozaji hufanya kwa kamera: hakuridhika na mara ya kwanza.

KIGOMA, 1915 NA 1951

Mfano wa pili ni wa vita vya ziwani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walilitawala ziwa hili kwa meli zao, na kubwa kuliko zote ilikuwa Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku 5,000 hivi. Ilisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli mpaka Kigoma, na huko ikaunganishwa tena na kuteremshwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia nchi kavu ya Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ikawabeba abiria wa ziwa hili kwa miongo mingi.

Habari hizo zilimpa mwandishi C. S. Forester wazo la riwaya yake ya mwaka 1935, The African Queen. Mwaka 1951 John Huston aliigeuza kuwa filamu, akiwatumia Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Safari hii waigizaji wakuu walikuja Afrika kweli. Lakini hawakufika Ziwa Tanganyika. Picha zilipigwa katika mto Ruiki huko Kongo, na nchini Uganda. Watu wengi wa kikosi waliugua, na mashua iliyobeba jina la filamu ilizama ikabidi iopolewe ndipo kazi iendelee. Zile sehemu ambazo Bogart na Hepburn wanaonekana ndani ya maji zilipigwa London, katika matangi ya studio, kwa kuwa maji ya mito yetu yalihesabiwa kuwa ya hatari mno.

Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na filamu inapendwa hadi leo. Hakuna ubaya katika kuipenda. Lakini mkazi wa Kigoma anayo haki ya kuwaambia watoto wake kwamba meli iliyochochea hadithi ile ilitia nanga katika bandari yao, na kwamba maji wanayoyaona si maji ya ziwa lao.

GOMBE, 1960 NA 1962

Mfano wa tatu ndio mgumu zaidi, kwa sababu hapa marudio yalifanyika mahali palepale na mhusika akiwa yuleyule.

Jane Goodall alifika Kigoma mwaka 1960 pamoja na mama yake, Vanne. Mji ulikuwa umejaa Wabelgiji waliokimbia machafuko ya Kongo, iliyopata uhuru tarehe 30 Juni mwaka huo. Mama na binti walilazimika kungoja, na katika siku hizo walisaidia kuwatayarishia wakimbizi hao chakula. Tarehe 14 Julai walivuka kwa mashua kwenda Gombe, kaskazini mwa mji. Walikuwa na mpishi wao, Dominic. Katika miezi ya kwanza Jane hakutembea msituni peke yake. Alifuatana na Adolf, mlinzi wa wanyama, na Rashidi, mwenyeji aliyemwonyesha njia.

Sokwe walimkimbia kwa miezi. Kisha, kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba 1960, aliona mambo mawili yaliyobadili elimu ya viumbe. Aliona sokwe wakila nyama, na alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka bua la nyasi katika kichuguu, akilitoa likiwa limejaa mchwa, na kuwala. Wataalamu walikuwa wameshikilia kwamba binadamu peke yake ndiye atengenezaye zana. Siku hiyo hapakuwa na kamera ya sinema wala shahidi mwingine. Palikuwa na macho ya msichana wa miaka 26 na daftari lake.

Mpiga picha Mholanzi, Hugo van Lawick, alifika Gombe mwaka 1962. Shirika la National Geographic lilitaka filamu ya kazi yote tangu mwanzo, na mwanzo ulikuwa umekwisha pita. Hivyo Jane alipanda tena vilima alivyokwisha vipanda, akaketi tena na darubini akitafuta sokwe ambao sasa aliwajua kwa majina. Filamu iliyotokana na kazi hiyo ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani Desemba 1965. Baadaye zaidi ya saa 100 za picha za Hugo zilipatikana katika maghala ya shirika hilo, nazo zikatumika katika filamu iitwayo Jane ya mwaka 2017. Picha hizo hazikuwa na sauti, ikabidi sauti zitiwe upya.

Tazama basi tofauti iliyopo. Jane aliweza kuombwa apande kilima mara ya pili. Sokwe haombwi. Uvuvi wa mchwa hushamiri mvua zinapoanza, na asiyekuwa tayari wakati huo hungoja mwaka mwingine. Hugo alingoja, akapata. Lakini msaada mwingine wa kamera ulitoka katika ndizi. David Greybeard alikuwa wa kwanza kuingia kambini, akifuata matunda ya mchikichi uliokuwa hapo, akaziona ndizi akazichukua. Tangu hapo ziliwekwa makusudi ili arudi, na wenzake wakamfuata. Picha nyingi zilizo karibu na wazi zilipatikana kwa njia hiyo.

Ndizi hizo zilikuwa na gharama. Sokwe waliokuwa wametawanyika msituni walikusanyika mahali pamoja, wakagombana wao kwa wao na pia na nyani. Utoaji wa ndizi ulipunguzwa katika miaka ya 1960, na mwaka 2000 ukakomeshwa kabisa. Mwaka 1991 mwanazuoni Margaret Power aliandika kwamba ugomvi ulioshuhudiwa Gombe ulitokana na chakula hicho. Utafiti wa mwaka 2014, uliolinganisha jamii 18 za sokwe wa sehemu mbalimbali, haukuona kwamba binadamu ndiye chanzo cha sokwe kuuana. Hata hivyo ule ubishi wenyewe ni funzo. Aliyeita tukio lije mbele ya kamera alilazimika kujibu kwa miaka mingi swali la kama tukio lilikuwa lilelile.

Hugo alifariki Dar es Salaam mwaka 2002, na Jane alifariki Oktoba 2025. Kilichoifanya kazi ya Jane isimame si filamu. Ni daftari, yaani kumbukumbu ya mara ya kwanza, iliyoandikwa siku ileile na kuhifadhiwa.

NA SISI NYUMBANI?

Sasa umeona, ndugu msomaji, jinsi mifano hii inavyopandana. Katika filamu ya Ujiji waigizaji hawakufika kabisa. Katika ile ya vita vya ziwani walifika Afrika, wakaliacha ziwa. Gombe alikuwapo mwenyewe, mahali pake mwenyewe. Kadiri marudio yanavyousogelea ukweli, ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mtazamaji kuyatambua, na ndivyo inavyokuwa muhimu aambiwe.

Usidhani kwamba hayo ni ya wageni na kampuni kubwa peke yao. Siku hizi simu ya mkononi imeitia kamera katika mfuko wa kila mtu. Katika arusi zetu bibi arusi huambiwa arudi ndani atoke tena, kwa kuwa mpiga picha hakuwa tayari. Keki hukatwa mara mbili. Mama aliyetokwa na machozi ya kweli huombwa ageukie taa. Baada ya miaka ishirini wajukuu wataitazama picha hiyo wakiamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Jambo zito zaidi ni wazee wetu. Wapo katika Kigoma na Ujiji waliosafiri kwa Liemba, waliovua dagaa usiku kwa taa za karabai, waliosimuliwa na babu zao habari za misafara. Kijana anayetaka kuihifadhi sauti ya bibi yake anafanya jambo jema sana. Lakini asimkatize kila mara akimwambia, “Bibi, rudia, sema kwa kifupi, sema kama ulivyosema jana.” Mzee akirudishwa mara nne huacha kukumbuka akaanza kuigiza. Hutoa kile anachoona kinampendeza mjukuu, na kile alichokuwa amekikumbuka kinapotea.

Basi, mzazi, ukitazama filamu pamoja na watoto, wafundishe kuuliza maswali matatu. Tukio hili lilitendeka lini, na picha ilipigwa lini? Ilipigwa mahali penyewe au kwingine? Ni nani aliyekuwapo siku ile ambaye hapa haonekani? Ukiwa wewe ndiwe mwenye kamera, rudia ukihitaji, maana kurudia si dhambi. Ila usikifute kipande cha kwanza, hata kama kina kelele na giza. Kiandikie tarehe na mahali, na cha pili ukiandikie kwamba ni cha pili.